Kununua kompyuta ya nyumbani: yanayosemwa dukani na ukweli wake

Familia nyingi hapa Dar hupata kompyuta ya kwanza kwa njia ileile: laptopu iliyotumika ofisini Ulaya au Dubai, ikaingia Kariakoo, ikafutwa vumbi na kupangwa kwenye kabati la vioo. Mnunuzi anauliza "HP au Dell?", "Windows au Mac?", na muuzaji ana jibu tayari. Mimi ningependa kila mzazi aanze na swali lingine: mashine hii itapokea masasisho ya usalama mpaka lini? Ndiyo mtakayoingilia benki, ndiyo itakayobeba barua pepe na picha za familia nzima, na nembo ya mfunikoni haitawalinda.

"Chukua i7, hiyo ndiyo kali"

Hakuna kauli inayowapotezea watu fedha kama hii. Jina la i3, i5 au i7 linaonyesha daraja ndani ya kizazi kimoja cha prosesa (ubongo wa kompyuta) za kampuni ya Intel. Kizazi chenyewe kiko kwenye tarakimu zinazofuata, zile ambazo muuzaji hazitaji. Tazama i7-7500U: baada ya kistari inakuja 7, yaani kizazi cha 7, na ina viini viwili tu, yaani sehemu mbili za kufanya kazi kwa wakati mmoja. Sasa tazama i5-8250U: kizazi cha 8, viini vinne. Ukifungua madirisha mengi kwa pamoja, video huku, kazi ya shule kule, hiyo i5 inaiacha i7 nyuma, na bado i7 ndiyo itakayouzwa ghali kwa sababu ya jina.

Kuna zito zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Anayeendelea kuitumia nyumbani aliongezewa mwaka mmoja tu, tena kwa kujiandikisha. Windows 11 nayo inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel orodha yake inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache mno za cha 7. Ile i7-7500U haimo. Fundi anaweza kuilazimisha ipokee Windows 11, na itawaka vizuri tu, lakini Microsoft haikuahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho.

Anayeona masasisho ni usumbufu wa kumaliza bando akumbuke WannaCry. Mei 2017 kirusi hicho kilifunga mafaili ya watu katika nchi nyingi, hospitali za Uingereza zikiwemo, kikapita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, mwezi Machi. Kompyuta zilizokwisha kupokea kiraka hicho hazikupenyeka kwa tundu hilo.

Ukiwa dukani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, utaona jina kamili la prosesa na ukubwa wa RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi. Rudia, andika tpm.msc, utaona toleo la TPM. Hakikisha pia ina SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, na RAM isiyopungua GB 8. Muuzaji mwaminifu hatakuzuia kuangalia.

"Kampuni fulani ndiyo imara"

Kila kampuni ina mashine imara na mashine za bei ya chini. EliteBook na HP ya kawaida hazikutengenezwa kwa lengo moja, hata kama nembo ni ileile. Vivyo hivyo Latitude na Inspiron za Dell, au ThinkPad na IdeaPad za Lenovo. EliteBook, Latitude na ThinkPad zilikusudiwa maofisi: bawaba ngumu, kibodi nzuri, na nyingi unaweza kuzifungua ukabadilisha betri au diski. Isitoshe, Quanta na Compal, kampuni za Taiwan, zimekuwa zikiunda laptopu za majina mengi tofauti.

Mashine ya ofisi ina mtego wake: wakati mwingine inauzwa ikiwa bado na nywila ya mwenye nayo wa zamani kwenye BIOS, ile programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Iwashe upya mbele ya muuzaji, ingia BIOS, uone kama inakudai nywila.

"Windows halali ni ya matajiri"

Hili linaniuma. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au matoleo ya baadaye zina leseni iliyohifadhiwa ndani ya ubao wake. Fundi akiweka toleo linalolingana, ikaunganishwa na intaneti, inajithibitisha yenyewe. Badala yake watu wanawekewa Windows ya kuvunjwa kwa programu zisizojulikana zilikotoka, ambazo mara nyingi hukutaka kwanza uzime kinga ya virusi. Unafungulia mwizi mlango kwa kitu ambacho kilikwishalipiwa.

"Mac haiingii virusi", "Mac haifungui Word"

Yote mawili si kweli. Mwaka 2012 kirusi kilichoitwa Flashback kiliingia kwenye Mac zaidi ya 600,000. Kuhusu Word, ilitoka kwa ajili ya Mac mwaka 1985, miaka kadhaa kabla ya toleo lake la Windows.

Mac yenye chipu ya Apple yenyewe iitwayo M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020, au ya baada ya hapo ni mashine nzuri sana, na betri yake inadumu. Ninachokipinga ni MacBook Air ya 2017 kuuzwa kwa bei ya heshima. Mfumo wake, macOS, unaishia toleo la Monterey, ambalo haijapata masasisho tangu 2024, na RAM yake imegandishwa kwenye ubao, haiongezeki. Apple imekwisha kutangaza kwamba macOS ya 2025, Tahoe, ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. Na ukikuta Mac bado imefungwa kwa akaunti ya mtu mwingine, iache hapohapo.

"Linux ni ya wataalamu"

Linux ni mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows. Ilikuwa ya wataalamu zamani. Leo toleo lake kama Ubuntu au Linux Mint unaliweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka humo bila kugusa diski, unajaribu Wi-Fi, sauti na printa, ndipo unaamua. Kwa ile i7 ya kizazi cha 7 ambayo tayari unayo nyumbani, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza: Ubuntu 24.04 ina masasisho mpaka 2029, bila malipo. Wanaohitaji programu za Adobe au programu fulani ya uhasibu ya Windows ndio watakaokwama.

"Chromebook haina maana bila intaneti"

Chromebook ni laptopu inayotumia ChromeOS, mfumo wa Google. Unaweza kuandika na kusoma nje ya mtandao, ukiandaa mapema. Kinachotakiwa kuangaliwa ni tarehe ya mwisho wa masasisho. Google inatoa miaka 10 kwa modeli za 2021 na kuendelea, na huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, si siku uliyonunua wewe. Tarehe hiyo imeandikwa kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu ChromeOS. Mwombe muuzaji aifungue kabla hujatoa fedha.