Foleni ya Bloor haisababishwi na njia ya baiskeli

Kazi yangu ni kuhesabu. Husimama kwenye makutano ya taa hapa Toronto, kishikwambi mkononi, na kila kinachopita nakibonyeza: gari, basi, lori, baiskeli, mtembea kwa miguu. Januari moja, barabara ya Bloor, alipita mama mmoja na baiskeli, mtoto kakaa kiti cha nyuma, skafu imemfunika mpaka machoni. Kati yake na lori lililokuwa sambamba naye kulikuwa na ukingo wa zege, kimo chake hakifiki hata goti. Kioo cha pembeni cha lori kilikuwa usawa wa kichwa cha mtoto. Nilibonyeza "baiskeli, moja," wakaenda zao salama.

Mwaka 2024 serikali ya jimbo la Ontario, inayoongozwa na Waziri Mkuu wa jimbo Doug Ford, iliamua ukingo ule ung'olewe. Sheria ilipitishwa Novemba, ikilenga njia za baiskeli za Bloor, Yonge na University, kwa hoja kwamba ndizo zinazoleta foleni. Watu walikataa. Waliendesha baiskeli kwa makundi hadi Queen's Park, kwenye bunge la jimbo. Nami niko upande wao, na nitaeleza kwa hesabu.

Njia moja ya magari, taa zikiwaka kijani bila kukoma, hupitisha kama magari 1,800 kwa saa. Lakini taa hazikai kijani. Barabara inayokatiza nayo inataka zamu yake, na wenye miguu wanataka kuvuka, kwa hiyo ukipata nusu saa ya kijani una magari 900 tu. Kisha anakuja dereva anayetaka kukata kushoto. Kanada huendesha upande wa kulia, kwa hiyo huyu ndiye anayelazimika kusimama katikati akingoja magari ya mbele yapungue, na wote walio nyuma yake wanangoja pamoja naye. Ongeza gari la mizigo lililosimama na taa za dharura "dakika moja tu". Foleni inazaliwa pale, kwenye mataa na kwa wanaosimama ovyo. Ukipanua barabara baina ya mataa mawili bila kugusa mataa yenyewe, umepanua mahali pa kungojea tu.

Jambo jingine husahaulika. Kabla ya mwaka 2016, njia za baiskeli zilipoanza kuwekwa Bloor kwa majaribio, njia ya pembeni kwa sehemu kubwa ya siku ilikuwa maegesho. Anayelilia "njia ya magari iliyoporwa" analilia mahali ambapo magari yalikuwa yamelala.

Gharama nayo inauma. Kwa makadirio ya jiji, njia hizo zilijengwa kwa dola milioni 27 hivi, na kuzing'oa kungegharimu dola milioni 48. Lakini kilichonikosesha usingizi ni kifungu kilichoingizwa kwenye sheria ileile, kinachozuia watu kuishtaki serikali wakiumia kwa sababu njia imeondolewa. Huandiki kifungu kama hicho kama huamini kwamba kuna watakaoumia. Na mwaka huohuo wa 2024 waendesha baiskeli 6 walikuwa wameuawa katika barabara za jiji hili.

Shirika la Cycle Toronto pamoja na waendesha baiskeli wengine walikwenda mahakamani. Tarehe 30 Julai 2025 Jaji Paul Schabas aliamua kwamba kuondoa njia hizo kunavunja kifungu cha 7 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa Kanada, kile kinacholinda uhai na usalama wa mtu. Alipima ushahidi na kuona kwamba watu wangewekwa hatarini, na foleni isingepungua. Serikali ilikata rufaa.

Sheria hiyohiyo ya Novemba 2024 iliisamehe barabara kuu mpya ya 413 tathmini ya kawaida ya mazingira. Ni kilomita zaidi ya 50, kaskazini magharibi mwa jiji, ikipita kwenye mashamba na ardhi ya Greenbelt iliyotengwa ilindwe. Wakulima na wakazi wameipinga kwa miaka. Hoja ya serikali ni ileile: foleni. Lakini tunayo barabara ya 401, ambayo mahali fulani ina njia 18, na jioni imejaa pomoni. Mwaka 2011 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Toronto, Gilles Duranton na Matthew Turner, walionyesha kwa takwimu za miji ya Marekani kwamba ukiongeza barabara kuu, mwendo wa magari nao huongezeka karibu kwa kiwango kilekile. Barabara ikiwa nyepesi, aliyekuwa akipanda treni anachukua gari, na mwingine anahamia mbali zaidi. Baada ya miaka michache mnakutana tena palepale, mmesimama.

Jiji hili liliwahi kukataa. Mwaka 1971 Waziri Mkuu wa jimbo Bill Davis, baada ya wakazi kupinga kwa nguvu, alisimamisha barabara ya Spadina iliyokuwa ikatize mitaa mpaka katikati ya mji. Kipande kilichokwisha kujengwa kinaitwa Allen Road, nacho kinaishia Eglinton. Nimehesabu magari pale. Kusini yake, pale ambapo lami ingepita, watu bado wanaishi kwenye nyumba zao.