Python mpya haijala vifurushi vyako

Kijana wa jirani, hapa Kamalondo, Lubumbashi, alinijia na ordinateri kwapani. "Yaya, nimepandisha Python, imekula kila kitu." Skripti yake ya kuhesabu stoki ya duka la vipuri, iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Python, ilikuwa inatema mstari uleule: ModuleNotFoundError, yaani kifurushi (kodi ya ziada inayosakinishwa) hakionekani. Alikuwa tayari amenunua mega za kupakua vyote upya. Maneno yake, na ya wengine kama yeye, nayajibu moja moja.

"Toleo jipya limefuta vifurushi." Halijafuta. Kwenye Linux kila toleo la Python lina folda yake yenye namba: vya zamani vimekaa `lib/python3.12/site-packages`, na Python 3.13 inatafuta ndani ya `lib/python3.13`. Umehama nyumba, vyombo vimebaki kule. Tulifungua folda ya zamani, vyote vilikuwemo.

"Basi nivinakili tu." Hapa ndipo watu wengi wanapojichanganya, kwa sababu wakati mwingine inakubali. Kifurushi kilichoandikwa kwa Python tupu ukikihamisha mara nyingi kitafanya kazi, ukajiona fundi. Lakini vile vyenye sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C vina faili yenye mkia kama `cpython-312-x86_64-linux-gnu.so`, na 3.13 haiutazami mkia huo kabisa. Nimeona mtu akibadilisha jina la faili kwa mkono ili kuidanganya. Programu ilianguka bila hata kusema kosa. Sehemu hizo hujengwa kwa kufuata mpangilio wa ndani wa toleo moja, na mpangilio huo hubadilika, kwa hiyo hujengwa upya. Zinazosalimika ni zile zenye `abi3` kwenye jina, maana zilijengwa makusudi kwa matoleo mengi.

"Kutoka 3.12 kwenda 3.13 ni hatua ndogo." Namba ni ndogo, hatua si ndogo. Tangu 3.9, toleo la namna hiyo hutoka kila mwaka, na baadhi huondoa vitu. Python 3.12, ya Oktoba 2023, iliondoa `distutils`, moduli ya kujenga na kusakinisha vifurushi. Vifurushi vya zamani vinavyoitegemea huanguka, ingawa mara nyingi kusakinisha `setuptools` huviokoa. Python 3.13, ya Oktoba 2024, iliondoa moduli 19 kwa mkupuo, zikiwemo `cgi` na `telnetlib`. Hapo kujenga upya hakutoshi. Kodi yenyewe ndiyo ya kurekebisha.

"Mimi nina venv, hainihusu." Venv ni folda ya Python iliyotengwa kwa ajili ya mradi mmoja, na kijana wangu naye alikuwa nayo. Ndani yake `bin/python` ni kiungo tu kinachoelekea Python ya mfumo. Mfumo ukipanda, kiungo kinapanda nao, huku vifurushi vikibaki chini ya namba ya zamani. Venv hairekebishwi: inafutwa, inaundwa upya. Kabla ya kufuta, okoa orodha kwa pip, programu ya kusakinisha vifurushi:

`pip freeze --path venv/lib/python3.12/site-packages > orodha.txt`

"Mfumo utajenga vyote wenyewe." Vile vya hazina rasmi, ndiyo. Kwa wanaotumia Arch, aina mojawapo ya Linux, vile ulivyojenga mwenyewe kutoka AUR, hazina ya watumiaji wenyewe, ni mzigo wako. `pacman -Qoq /usr/lib/python3.12` itakutajia vilivyoachwa nyuma. Na usikimbilie `--break-system-packages`, chaguo la pip la kulazimisha kusakinisha ndani ya Python ya mfumo. Jina lake limeshakuonya.

Tukarudi kwenye orodha. Kifurushi kimoja hakikuwa na wheel ya 3.13, yaani kifurushi kilichokwisha jengwa, kwa hiyo pip ikachukua chanzo na kuanza kukijenga palepale. Feni ikalia. Umeme ukakatika. Betri ya ordinateri yake ni ya mapambo tu, tukaanza upya jioni, safari hii kwa `pip wheel -r orodha.txt -w wheel`, ili matokeo yabaki kwenye folda. Duka lina mashine nyingine mbili, Linux ileile, Python ileile. Alizibeba zile wheel kwenye flash, akasakinisha kule kwa `--no-index --find-links`, bila kuchoma hata mega moja.