Magimbi: kwa nini yanawasha, na yana faida gani mwilini?

Nikimenya magimbi mikono inawasha. Ni mzio?

Mara nyingi siyo. Gimbi bichi, pamoja na majani yake, lina chembe za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano, ndogo mno kuonekana kwa macho. Ukilikata, zinatoka na ule ute na kuchoma ngozi. Mdomoni ni balaa zaidi: ulimi unawaka, koo linakereketa, midomo huweza kuvimba. Kwa hiyo gimbi bichi haliliwi, hata kipande cha kuonja. Kabla ya kumenya, kausha mikono uipake mafuta, au vaa glavu.

Lichemshwe muda gani?

Vipande huchukua kama nusu saa, zima huchukua zaidi, lakini mimi naamini kisu kuliko saa. Lichome katikati; kikikwama penye kiini kigumu, rudisha mfuniko. Maji yake mwaga. Sehemu ya oksaleti huyeyukia humo, na kuyafanya mchuzi ni kurudisha ulichokwisha kukitoa.

Lina lishe gani?

Wanga, kwanza kabisa. Gramu 100 za gimbi lililochemshwa zina kalori kama 140, wanga gramu 35 hivi na nyuzinyuzi kama gramu 5, ndiyo maana linashibisha na kusaidia choo. Lina potasiamu ya kutosha, na halina gluteni, ile protini ya ngano. Protini sasa: nusu gramu tu! Magimbi na chai ya rangi yanajaza tumbo, hayajengi mwili. Weka maharage, samaki au yai pembeni.

Na majani?

Hayo yana vitamini A, vitamini C na foleti, na protini kuyapita magimbi yenyewe. Yapike mpaka yalegee kabisa; yakiwasha kooni, hayajaiva.

Mwenye kisukari anaruhusiwa?

Ndiyo, kwa kipimo. Gimbi lichukue nafasi ya wali au mkate kwenye sahani, lisiongezwe juu yake. La kuchemsha ni bora kuliko la kukaanga.

Nani ajihadhari?

Aliyewahi kupata mawe ya oksaleti kwenye figo, hasa kwa upande wa majani, na ambaye figo zake zimedhoofika, maana potasiamu ya gimbi inaweza kumzidia. Hao wamuulize daktari kwanza. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kupewa, likiwa limeiva sawasawa na kupondwa laini.