Mfupa Ulioshiba Madini Nao Huvunjika

Dhana: Madini yakizidi, mfupa unazidi kuwa imara.

Loweka mfupa wa paja la kuku kwenye siki siku tano hadi saba, ukibadilisha siki mara moja katikati. Madini yatayeyuka, umbo litabaki lilelile, lakini mfupa utapindika kama mpira. Mwingine utupe motoni mpaka uwe mweupe. Huo madini yake yapo karibu yote, ila ukiubana kwa vidole unamomonyoka, kwa sababu kolajeni, yaani nyuzi za protini, imeungua. Kwa uzito, mfupa ni madini takriban asilimia 65, kolajeni na protini nyingine asilimia 25, na maji asilimia 10. Madini huupa ugumu, kolajeni huuzuia usipasuke kama kigae. Mfupa unahitaji vyote viwili.

Dhana: Kipimo cha DEXA kikiwa kizuri, hutavunjika.

DEXA, aina ya eksirei ya mifupa, hupima gramu za madini kwa kila sentimita mraba ya picha. Kolajeni haiioni. Alama T, inayolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya, ikiwa -2.5 kushuka chini huitwa osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa dhaifu, lakini wengi wanaovunjika mfupa kwa kuanguka tu walikuwa bado hawajafika hapo. Jambo moja la kuangalia: kwa mzee, vijinundu vya mfupa vinavyoota kwenye pingili za mgongo hupandisha alama bila kuongeza nguvu yoyote. Soma alama ya nyonga pia.

Floraidi, madini yanayopatikana kwenye baadhi ya maji ya kunywa, ilishawahi kutoa somo hili waziwazi. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1990, wanawake 202 waliokoma hedhi na wenye osteoporosisi waligawanywa makundi mawili: wote walipewa kalisi, kundi moja likaongezewa miligramu 75 za floraidi ya sodiamu kila siku, kwa miaka minne. Madini ya pingili za kiuno yaliongezeka kwa asilimia 35 hivi. Kuvunjika kwa pingili hakukupungua vya kutosha kuthibitika, na mifupa mingine, nje ya uti wa mgongo, ilivunjika mara tatu zaidi.

Dhana: Matege ya mtoto maana yake hajapata kalisi.

Mara nyingi ni kweli, au kakosa vitamini D. Lakini kwenye vijiji vya Arusha na Kilimanjaro vinavyokunywa maji yenye floraidi nyingi, miguu hupinda hata kwa mtoto ambaye picha ya eksirei inaonyesha mifupa iliyojaa madini. Meno yenye madoa ya kahawia ni dalili ya kwanza ya kuuliza kuhusu maji. Lishe duni huzidisha madhara, kwa hiyo maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao bado vina kazi.

Dhana: Ukichemsha maji, floraidi inatoka.

Inazidi. Lita tatu zenye miligramu 3 kwa lita zikichemka hadi zikabaki mbili, kila lita ina 4.5. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Chujio la mchanga nalo haliiondoi. Na ukilainisha makande kwa magadi unaweza kuwa unaongeza floraidi nyingine. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, ndipo ubandike.

Kinachosaidia ni maji ya mvua, au chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama lile linaloendelezwa na kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, Arusha. Mifupa huchomwa kwa hewa kidogo. Ikiungua hadi kuwa myeupe, uwezo wake wa kunasa floraidi hushuka sana; isipoiva, maji yananuka. Mkaa ukishashiba hauchuji tena ingawa maji yanaendelea kutoka safi kwa macho, kwa hiyo pima floraidi mara kwa mara. Kinachonasa floraidi ndani ya chujio ni fosfati ya kalisi, madini yaleyale yanayoinasa ndani ya mifupa ya mnywaji.