Kwa nini KiCad hudai hakuna umeme wakati betri imekwisha kuungwa?

Ukichora saketi kwa KiCad, programu ya kompyuta ya kubuni saketi na bodi zake, ukaunga betri, ukafikisha waya kwenye kila pini inayouhitaji, kisha ukaiagiza programu ikague kanuni za umeme, kuna uwezekano mkubwa kwamba itakuwekea mshale mwekundu pamoja na ujumbe wenye maana hii: pini ya kupokea nguvu haisukumwi na pini yoyote ya kutoa nguvu. Betri unaiona. Waya unauona umefika. Juu ya chipu umesimamisha alama iliyoandikwa +5V, na chini yake alama ya GND, yaani upande wa hasi ambako umeme hurudi. Ni nini basi ambacho programu haikioni?

Swali hili nililijibu vibaya mara tatu kabla ya kulielewa. Nilikuwa Uyole, pembezoni mwa Jiji la Mbeya, nikichora kifaa kidogo cha kupima joto na unyevu ndani ya ghala la mbegu za viazi mviringo, kwa sababu baridi yetu ya Juni na Julai na jua la Oktoba haviitendei mbegu kwa namna moja, na mkulima hunufaika akijua ghala lake lilikuwaje usiku aliokuwa amelala. Mchoro wa kwanza ulikuwa mdogo sana: konekta ya pini mbili ya kuletea volti 5 kutoka kwenye betri ya kuchajia simu, maikrokontrola ya ATmega328P, yaani chipu inayoendesha kifaa, sensa moja, na kapasita chache. Ukaguzi ukatoa makosa mawili, moja kwenye njia ya +5V na jingine kwenye GND.

Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba waya haujashika. Dhana hii si ya kipuuzi, na anayekutana na ujumbe huo anapaswa kuanza kwa kuihakiki, kwa kuwa katika KiCad waya unaopita juu ya pini kwa macho unaweza kuwa haujaungana nayo hata kidogo. Muungano hutokea pale tu ncha ya waya inapoangukia hasa ncha ya pini, na kwa sababu hiyo alama za kawaida zimechorwa juu ya gridi ya milimita 1.27, aliyebadilisha gridi kuwa ndogo ili apange vitu kwa uzuri anaweza kuacha mwanya ambao jicho halitauona mpaka avute mchoro karibu sana. Vilevile waya mbili zinazokatizana bila nukta kwenye makutano hazijaungana, ila zimepishana tu. Nilifuta waya zangu zote, nikazichora upya, nikakuta makosa ni yaleyale mawili. Kumbe ningeweza kujua mapema kwa kutumia zana ya kuangazia: ukibonyeza waya mmoja kwa zana hiyo, kila kilichoungana nao hubadilika rangi kwa pamoja. Katika mchoro wangu konekta, chipu na sensa viliwaka rangi moja. Waya ulikuwa umeshika tangu mwanzo.

Jibu la pili lilikuwa baya zaidi, kwani nilimwambia rafiki yangu kwamba programu yenyewe ina hitilafu, na kwamba kitu cha bure ndivyo kilivyo. KiCad ni programu huria iliyoanzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras huko Ufaransa, na tangu mwaka 2013 kituo cha utafiti cha CERN kimechangia kuiendeleza. Umri na wachangiaji havithibitishi kwamba haina kasoro, lakini kasoro hii niliyoisingizia haikuwapo. Ujumbe ulikuwa sahihi, na ulikuwa ukisema jambo ambalo mchoro wangu ulilinyamazia.

Jibu la tatu ndilo ninalokutana nalo kwa watu wengi, nalo linahitaji kufunuliwa polepole. Niliamini kwamba programu inapokagua hupitisha umeme wa kufikirika ndani ya mchoro: inaanza kwenye alama ya +5V, inafuata waya, inaona kama umeme umefika. Kwa imani hiyo, alama ya +5V ilikuwa chanzo, na kulalamikiwa kwa njia yenye chanzo kukawa fumbo. Imani hiyo ina makosa mawili yaliyobebana. La kwanza ni kwamba ukaguzi wa kanuni haupitishi umeme wowote, na haukokotoi hata volti moja. Kazi ya kukokotoa ni ya programu za uigaji za ukoo wa SPICE, uliozaliwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mmoja wa wazao wake, ngspice, hufanya kazi ndani ya KiCad yenyewe. Mkaguzi wa kanuni ni mtu mwingine kabisa, ambaye husoma majina na aina za pini, akazilinganisha na jedwali la aina zipi zinaruhusiwa kuungana, basi. La pili ni kwamba +5V si chanzo. Ni jina.

Fikiria mradi wa maji ya mserereko, kama ile iliyojaa vijijini Rungwe, Makete na Njombe. Juu mlimani kuna banio linalokinga maji ya kijito, yakashuka kwa bomba hadi kwenye tenki, kisha yakagawanywa mpaka kwenye vituo vya kuchotea. Sasa mfikirie mkaguzi aliyepewa ramani ya mradi huo, ambaye hapandi mlimani wala hafungui koki. Anakaa mezani na karatasi yake, na kanuni anayoishika ni moja: kila kituo cha kuchotea lazima kiwe kwenye njia ambayo juu yake pamechorwa banio. Akikiona kituo bila banio, anaandika kosa. Hasemi kwamba maji hayatatoka. Anasema kwamba ramani haijamwonyesha yatokako.

Katika KiCad kila pini ya kila alama imeandikiwa aina yake, na aina hizo ziko 12. Tatu zinatutosha. Pini ya kupokea nguvu ni kituo cha kuchotea: ndiyo pini ya VCC ya maikrokontrola, na pini yake ya GND pia. Pini ya kutoa nguvu ni banio: ndiyo pini ya kutokea ya regyuleta, yaani kifaa cha kushusha na kutuliza volti, kama 7805. Ya tatu ni pini isiyo na upande, ambayo ni kama kipande cha bomba kilicholala dukani. Ukikitazama huwezi kujua maji yatakiingia kwa ncha ipi. Kipingamizi, kapasita, fyuzi na koili vyote vina pini za namna hiyo. Na konekta pia, kwa sababu aliyechora alama ya konekta hawezi kujua kama wewe utaitumia kuingizia umeme, kutolea umeme, au kupitishia ishara ya sensa.

Hapo ndipo mchoro wangu wa kwanza ulipokwama. Vituo vya kuchotea vilikuwapo, bomba lilikuwapo, na mwisho wa bomba ulikuwa konekta, ambayo machoni pa mkaguzi ni kipande kingine cha bomba kilichofika ukingoni mwa karatasi. Banio lilikuwa nje ya ramani, ndani ya betri ambayo sikuichora. Hata kama ningeichora nisingepona, kwani alama ya betri katika maktaba ya kawaida ya KiCad nayo ina pini zisizo na upande. Kwa maoni yangu uamuzi huo una busara, maana betri hupangwa mfululizo, chanya ya moja ikaungwa na hasi ya nyingine, na betri hiyohiyo huweza kuwa inachaji wakati huu na kutoa wakati ule. Ninazungumzia maktaba za kawaida, hata hivyo. Alama uliyoipata kwingine inaweza kuwa imeandikiwa aina nyingine, na njia ya kujua ni kufungua sifa za pini na kuzisoma.

Na alama ya +5V? Kwenye ramani ya maji ni kama maneno yaliyoandikwa kando ya bomba, tuseme «njia ya juu». Popote maneno hayo yanapoandikwa, mkaguzi huhesabu kwamba ni njia moja, hata kama hakuna mstari uliochorwa kati ya sehemu hizo mbili, na hiyo ndiyo faida yake kubwa, kwa sababu mchoro hauwi msitu wa mistari. Lakini maneno hayaleti tone. Jambo linalonishangaza mpaka leo, na linalonifanya niipende programu hii, ni kwamba ukifungua sifa za alama ya +5V utakuta pini yake imeandikwa kuwa ya kupokea nguvu. Ile alama niliyodhani ndiyo chemchemi ni kituo kingine cha kuchotea, nayo imesimama kwenye foleni pamoja na chipu, ikingoja banio. Kuongeza alama nyingi za +5V, kama nilivyofanya, ni kuongeza ndoo kwenye foleni.

Dawa iliyowekwa ni alama iitwayo PWR_FLAG, ambayo wengi huiita bendera. Ina pini moja tu, ya kutoa nguvu. Kuiweka kwenye njia ni sawa na mchoraji kuandika kwenye ramani na kutia sahihi: banio lipo, liko nje ya karatasi hii, nimelithibitisha. Haina tundu wala shaba kwenye bodi, na haiingii katika orodha ya vifaa vya kununua. Nilipoweka moja kwenye +5V na nyingine kwenye GND, makosa yote mawili yaliondoka. GND husahaulika sana, pengine kwa sababu tumezoea kuwaza kwamba nguvu huja upande wa chanya peke yake. Mkaguzi hana mazoea hayo, naye hutaka banio kwa kila njia yenye pini ya kupokea.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimejifunza nusu tu. Baadaye nilibadilisha kifaa kitumie betri ya sola ya volti 12, nikaongeza fyuzi baada ya konekta, kisha 7805. Nikaweka bendera pale umeme unapoingilia, kwenye konekta, na kosa likabaki. Sababu ni kwamba mkaguzi havuki kifaa. Njia, kwake, ni kila kilichoungana kwa waya au kwa jina bila kitu katikati, na fyuzi ikikaa katikati kunakuwa na njia mbili. Ile ya konekta ina pini zisizo na upande tu, wala haimdai mtu banio. Ile ya pili, kutoka kwenye fyuzi hadi mlango wa 7805, ndiyo yenye pini ya kupokea. Bendera inatakiwa upande huo wa pili. Jambo hilohilo hutokea kwenye pini ya AVCC ya ATmega328P, ya kulishia sehemu yake ya analogi, ambayo mtengenezaji anapendekeza ichujwe kwa koili ya mikrohenri 10 na kapasita ya nanofaradi 100: njia ya +5V ina banio lake, yaani pini ya kutokea ya 7805, lakini ng'ambo ya koili ni njia nyingine.

Kwenye +5V ya mchoro huu wa pili, kinyume chake, bendera ya zamani ilibidi itolewe. Regyuleta tayari ni banio, na mabanio mawili kwenye njia moja ni kosa kwa mujibu wa jedwali, kwani katika saketi halisi vyanzo viwili vilivyounganishwa moja kwa moja huweza kusukumana mpaka kimoja kiungue.

Sehemu ninayoomba isomwe kwa utulivu ni hii. Kwa kuwa mkaguzi huweka mshale mmoja kwa njia nzima, kwenye pini mojawapo, mtu hushawishika kubandika bendera pale mshale ulipo na kuendelea. Chukulia kwamba kwenye regyuleta umeandika 5V na kwenye chipu umeweka alama ya +5V. Kwa jicho la mtu ni kitu kimoja. Kwa programu ni njia mbili zisizojuana, na ile ya chipu haina banio kweli. Ujumbe unaokuja ni uleule, neno kwa neno, lakini safari hii ni wa kweli kabisa. Ukibandika bendera hapo umetia sahihi banio lisilokuwapo, na hakuna atakayekuamsha baadaye, maana hata ukaguzi wa bodi hufuata orodha ya miungano iliyotoka kwenye mchoro huohuo. Bodi itakuja bila shaba kati ya regyuleta na chipu. Kwa hiyo, kabla ya bendera, angazia njia inayolalamikiwa na uifuate kwa kidole kurudi nyuma, ukivuka fyuzi na koili ambazo mkaguzi hakuzivuka, mpaka ufike mahali ambapo umeme unaingia kwenye bodi. Ukifika, bendera ni halali. Ukikwama njiani, umelipata kosa.

Sahihi hiyo, tena, haisemi lolote kuhusu volti wala upande. Betri iliyogeuzwa itapita ukaguzi, na 7805 iliyolishwa volti 6 itapita pia, ijapokuwa huhitaji takriban volti 7 ili itoe 5 zilizotulia. Hayo hupimwa kwa mita, au kwa uigaji, ambako nako alama ya +5V haitoi kitu mpaka uweke chanzo cha volti chenye thamani iliyoandikwa.

Mchoro wa kifaa cha ghala sasa una bendera tatu: moja kati ya fyuzi na 7805, moja kwenye AVCC ng'ambo ya koili, na moja kwenye GND. Kando ya kila moja nimeandika kwa maneno umeme wake unatoka wapi.