Dar haijajaa, imetawanyika

"Dar imejaa, watu wahamie nje." Safari hii kaisema mtu mwenye madaraka, kikaoni, na makofi yakapigwa.

Wahamie nje wapi tena? Sensa ya 2012 ilikuta watu 4,364,541, ya 2022 ikakuta 5,383,728, na ongezeko hilo halikujibana Kariakoo. Limekwenda pembezoni: Chanika, Goba, Chamazi.

Chukua viwanja vya mita 20 kwa 30, vile madalali wanavyovipigia debe. Hekta moja, ukishatoa barabara, shule na maeneo ya wazi, utapata viwanja kumi hivi. Weka watu watano kila kiwanja: hamsini. Utalaza bomba, utasimamisha nguzo, utatuma lori la taka, yote kwa watu hamsini. Daladala gani itaingia humo? Ndiyo maana mnapanda bodaboda.

Nikisema hivyo naulizwa, "Kwa hiyo unataka maghorofa?" Jamani, nani katamka ghorofa? Nendeni Manzese mkaitazame nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, kila mlango na pazia lake na familia yake, choo na jiko uani, barazani mtu anauza vitumbua. Bati liko chini kabisa, lakini hekta ile inabeba watu ambao mtaa wa Masaki wenye maghorofa, kuta ndefu na maegesho hauwaoti. Na ghorofa refu lina gharama zake: pampu, lifti, jenereta, kiyoyozi mchana kutwa. Nyumba za ghorofa tatu au nne, zikikaribiana, maduka yakiwa chini, zinatosha kabisa.

Sasa lile ambalo kwenye ripoti zetu tunaliruka. Mkazi wa Manzese hachomi mafuta mengi. Ni kwa sababu soko na kazi viko mwendo wa miguu, au kwa sababu hana hela ya gari? Mpe mshahara mnono uone kama hatanunua Vitz akajenge Goba. Na masika yanapofurisha vyoo vya shimo, mimi siwezi kusimama pale nikahubiri uendelevu.

Foleni, kwa kifupi: Kimara–Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa kuwa njia nane. Kibaha ikasogea karibu, mji ukapata pa kutawanyikia tena, na madalali wanalijua hilo.

Mwendokasi wa 2016, mabasi yenye njia yake, Kimara hadi Kivukoni, ndio ulitupa uti wa mgongo. Watu wengi zaidi wangeishi mwendo wa miguu kutoka vituoni, tungekuwa mbali. Ila nyumba ya vyumba sita karibu na kituo cha Manzese ikiuzwa kupisha jengo jipya, familia sita zinafungasha. Kwa kodi wanayoimudu watakwenda Chanika, na zile kilomita tulizotaka kuzipunguza tumeziongeza. Namna ya kuwabakiza bila kuzuia ujenzi, mimi sijaiona ikifanya kazi hapa.