Kilimanjaro si lazima kileleni

Wazazi wengi wakisikia Kilimanjaro huwaza siku 5 au 6 za kupanda, gharama kubwa na kilele cha Uhuru, mita 5,895. Basi likizo ya Juni inaishia ufukweni, vijana wameinamia simu. Kumbe lango la Marangu hupokea pia wageni wa siku moja. Mnaingia asubuhi na mwongozaji, mnapita msitu wenye mbega na kima hadi kambi ya Mandara, takriban mita 2,700, mnakula, mnachungulia kreta ya Maundi, jioni mmesharudi. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu mno kuliko cha mgeni. Mwanangu wa miaka 14, aliyegoma kuamka, alinisubiri juu akinicheka. Bebeni makoti ya mvua. Msituni mule mvua hunyesha hata kiangazi.